Tano na Kikohozi

Siku mbili kabla ya mwisho, Lea alilivua gitaa la besi begani, akaliegemeza kwenye magunia ya alizeti, akasema, "Basi. Tafuteni mtu anayejua kuhesabu."

Stanley, mpiga gitaa, ambaye ndiye alikuwa ametoka kumfokea, aliinama akajifanya anatafuta waya. Calist, mwimbaji, mtu ambaye akinguruma watoto hukimbilia kwa mama zao, alikohoa kidogo kwa adabu kama yuko kwenye kikao cha harusi. Zefania alikuwa nyuma ya dramu, vijiti mkononi, macho sakafuni. Yeye ndiye aliyepaswa kusema neno, maana katika bendi mwenye dramu ndiye mwenye saa. Hakusema.

Lea alitoka, akavuka njia, akapanda barazani kwake na kukaa kwenye cherehani. Wakausikia mguu wake ukianza kukanyaga.

Tuseme ukweli mapema: aliyekuwa anakosea si Lea. Jumatano ile Zefania alikuwa hajalijua jambo hilo kwa uhakika, alikuwa analihisi tu. Lakini mtu anayehisi na kunyamaza, huku mwenzake anatwishwa lawama mbele yake, hana pa kujificha.

Kufikia Ijumaa saa kumi na mbili jioni, bendi ya Mashudu ilitakiwa iwe imetuma video ya nyimbo tatu zilizopigwa mfululizo, bila kukatwa wala kuungwaungwa. Video ikiwafurahisha waandaaji wa tamasha la Nairobi, Mashudu wangeitwa kupiga kwenye jukwaa la kweli, mbele ya watu waliotoka kwao kwa ajili ya muziki wa metali, ule wa magitaa mazito na kunguruma, na si kitu kingine. Isipowafurahisha, kwaheri. Stanley alikuwa na miaka thelathini na minne na mke aliyechoka kuulizwa mumewe anafanya nini kule mashineni. Calist alikuwa amemwahidi mchungaji kwamba huu ni mwaka wa mwisho. Zefania hakuwa amemwahidi mtu chochote, kwa sababu hakuwa na kingine. Tangu ana miaka ishirini alikuwa mpiga dramu wa Mashudu. Ukimwondolea hilo, anabaki mtu wa kumwaga alizeti kwenye mashine.

Walikuwa wamejaribu kurekodi kwa wiki tatu. Kila mara wimbo wa kwanza ulisimama imara, wa pili ukaanza kuyumba, wa tatu ukamwagika. Stanley alikuwa ameamua kwamba tatizo ni besi. Calist akaona kama ni hivyo basi ni hivyo.

Mashudu ilianzia hapohapo, kwenye mashine ya kukamua alizeti ya Mama Theresia, mtaa wa Mandewa, na jina lilitoka hapohapo. Mashudu ni yale makapi yanayobaki alizeti ikishatoa mafuta. Ng'ombe wanayagombania, binadamu wanayapita. "Ndiyo sisi," alisema Lea siku hiyo, na hakuna aliyepinga. Onyesho la kwanza walipiga kwenye ukumbi mmoja Utemini. Walikuja watu kumi na mmoja, wanne kati yao wakiwa wanasubiri kikao cha harusi cha saa kumi. Onyesho la pili umeme ulikatika kabla Calist hajafungua mdomo. Dodoma waliambiwa wapige kitu ambacho watu wanaweza kukichezea, wakapiga walichokuwa nacho, watu wakachezea simu zao.

Calist pia aliimba sauti ya besi kwenye kwaya ya kanisa. Wazee wa kanisa walipomwita kumuuliza kuhusu ile ngurumo, akawajibu kwamba Mungu amempa sauti mbili na moja haimo kwenye kitabu cha nyimbo. Walimsimamisha miezi mitatu. Ilipokaribia Krismasi wakamrudisha wenyewe, maana kwaya bila yeye ilisikika nyembamba.

Waliweza kufanya mazoezi mahali pamoja tu, na sababu ilikuwa injini. Ilikuwa dizeli kuukuu ya silinda moja, imefungwa kwenye sakafu ya zege, na ikiwaka ilitikisa mabati ya nyumba tatu. Majirani walikuwa wameizoea hata hawakuisikia tena, na chini ya mlio wake bendi ingeweza kupiga itakavyo bila mtu kuja na mwenyekiti wa mtaa. Kwa miaka kumi na miwili Mashudu hawakuwahi kufanya mazoezi bila injini kuwaka. Hata maonyesho yao machache yaliyoharibika, walisema yameharibiwa na spika mbovu za watu.

Na injini ile ilikuwa na ugonjwa wake. Ilipiga mapigo matano mazuri, la sita likakwama kidogo, ikakohoa, ndipo ikaendelea. Tano na kikohozi, tano na kikohozi, kutwa nzima. Stanley aliporekodi nyimbo kwa simu na kuziweka mtandaoni, watu wa mbali, Finlandi na Brazili, waliandika kusifu. Mmoja aliuliza ni nani anayepiga kile chombo cha chini kinachojikwaa. Walicheka mpaka Calist akakaa chini. Stanley akamjibu yule mtu: "Anaitwa Dizeli. Hapendi kupigwa picha."

Ndipo Nairobi wakaandika, na ndipo Zefania akapata wazo lake. Alisema watu wakubwa hawawezi kutumiwa rekodi yenye mlio wa injini ndani, wataonekana washamba. Alimkalia Mama Theresia kooni: umeme wa Mandewa siku hizi haukatiki sana, mota haitoi moshi, dizeli inamla fedha. Mama akakubali. Injini ikauzwa kwa mzee mmoja wa Misigiri, Mzee Stefano, mwenye mashine ya kusaga. Siku ya kuipakia, Zefania ndiye aliyekaza kamba. Aliipiga kofi ubavuni kama mtu anayemuaga ng'ombe mnadani, akarudi ndani kwa furaha. Mota mpya ilikuwa inavuma taratibu, unaweza kuongea juu yake bila kupaza sauti.

Sasa Jumatano hiyo, Stanley na Calist walipoondoka kila mtu na hasira zake, Mama Theresia alikuja na ufagio.

"Zefania, mwanangu, una nini siku hizi?"

"Niko salama, mama."

"Salama gani? Jana umemwaga debe zima nje ya mdomo wa mashine. Tangu lile dubwana liondoke naona hata kutembea unatembea vibaya."

Alisema hivyo akaendelea kufagia. Zefania alikaa palepale. Baadaye alichukua simu, akaweka spika za masikioni, akafungua rekodi ya zamani. Chini kabisa, chini ya gitaa na ngurumo ya Calist, ilikuwepo. Tano na kikohozi. Mguu wake wa kulia uliipokea kabla hajauambia. Akapiga polepole kwa ncha za vijiti juu ya goti, wimbo mzima, hakukosea hata mara moja. Akavua spika, akaanza tena peke yake. Alifika mahali alipopaswa kungoja kikohozi, na hakuna kilichokohoa. Alikimbia mbele. Akarudi nyuma. Akajipoteza.

Akarudia mara nne, akashikwa na woga. Kile alichokuwa anakiita kipaji chake kilikuwa kimefungwa kamba na kupelekwa Misigiri, na aliyekaza kamba ni yeye.

Alijaribu ujanja. Aliweka tena spika masikioni na kupiga dramu kwa nguvu zake zote, kama inavyotakiwa. Dramu zilimeza kila kitu. Hakusikia injini wala nini. Hapo akaelewa lililobaki. Miaka yote hakuwa anaisikia kwa masikio. Kigoda chake kilikaa juu ya zege lilelile ilipofungwa injini, naye alikuwa akiisikia kwa matako. Ungeweza kumcheka, na siku nyingine angejicheka mwenyewe. Siku hiyo aliinamisha kichwa kwenye ngoma akalia.

Ng'ambo ya njia cherehani ya Lea ilikuwa inaenda. Angeweza kuvuka njia, hatua ishirini, akasema, "Lea, ni mimi." Hakuvuka.

Alhamisi aliwaambia Stanley na Calist kwamba waende Misigiri kurekodi mashineni kwa Mzee Stefano. Alisema sauti ya mabati ya kule ni nzuri. Kwa jinsi walivyokata tamaa, angewaambia wakarekodi ndani ya kisima wangeuliza tu kisima kiko wapi. Alibaki Lea. Zefania alipanda barazani, akasimama karibu na nguo zilizoning'inia.

"Lea, kesho tunaenda Misigiri. Twende."

"Kufanya nini? Kufokewa mbele ya wageni?"

"Kule itakuwa sawa."

"Kwa nini iwe sawa kule?"

Lilikuwa swali zuri na jibu lake lilikuwa mdomoni mwa Zefania, limekaa tayari. Aliwaza: nikisema, watajua sikuwahi kuwa mpiga dramu. Akasema, "Sauti tu. Mabati."

Lea alimwangalia kwa muda mrefu. Miaka kumi na miwili ni mingi. Mtu anajua mwenzake akimficha kitu, hata kama hajui ni kitu gani. "Nitakuja kwa sababu nyimbo mbili kati ya hizo nimetunga mimi," alisema mwishowe. "Lakini Stanley akinifokea tena, nashuka nitembee kwa miguu mpaka nyumbani."

Ijumaa walipanda pikapu iliyokuwa imeleta vitunguu sokoni na sasa inarudi tupu. Dramu zilinuka vitunguu, gitaa likanuka vitunguu, Calist alikaa juu ya spika akipasha koo moto kwa kuimba tenzi za kanisani, upepo unamrudishia mdomoni. Zefania alikuwa amebeba kigoda chake mapajani. Njia nzima alikuwa anaomba, na alichokuwa anaomba ni kwamba injini iendelee kuwa mgonjwa.

Aliisikia kabla gari halijasimama. Du-du-du-du-du-du-du. Aliingoja ikohoe. Akangoja tena. Ilikuwa inaenda sawasawa kama mtu mwenye afya njema anayepanda kilima.

Mzee Stefano alikuwa mtu mfupi, kofia imelowa mafuta, masikio makubwa. Walimwamkia wote kwa pamoja, "Shikamoo, mzee," akaitika marahaba moja ndefu iliyowatosha wote, akamuuliza Calist habari za nyumbani kwa Kinyiramba. Akinamama sita walikuwa foleni na ndoo zao za mtama na mahindi.

"Mnaiona?" alisema mzee kwa fahari, mkono juu ya tangi. "Ilikuja hapa inakohoa, masikini. Nozeli, ile ya kupulizia mafuta, ilikuwa imekufa. Nimeweka mpya, sasa inasaga mpaka raha."

"Na ile ya zamani, mzee?" Zefania aliuliza. "Ile nozeli?"

"Ya nini? Wameshaichukua wa vyuma chakavu."

"Haiwezi... haiwezi kurudishwa ilivyokuwa?"

Mzee aliinua kofia. "Kurudishwa ikaumwe?"

Akinamama wakacheka. Stanley pia alicheka, akidhani ni mzaha. Zefania alibaki ameshika kigoda.

Wangefanya nini? Walikuwa wamefika, saa nane ilikuwa imeshapita. Walingoja akinamama wale wasagiwe, wakapanga vyombo kando ya injini, Stanley akasimamisha simu yake juu ya mizani. Zefania aliweka kigoda juu ya zege, akageukia injini, akawapa mgongo wenzake kama alivyofanya miaka yote. Alijiambia huenda itasaidia hivyohivyo. Haikusaidia. Injini ilimpeleka mbio, kila mara akifika kwenye kikohozi yeye anangoja na yenyewe imeshapita. Wimbo wa kwanza haukufika nusu. Wakaanza tena. Ukafia palepale. Mara ya tatu Stanley aling'oa waya wa gitaa.

"Lea! Lea, kwa Mungu, unasikia nini huko kichwani kwako?"

Lea aliweka mkono kwenye mkanda wa besi, aivue.

Mzee Stefano akazima injini. Kimya kilikuwa kikubwa mpaka kuku wa jirani wakasikika.

"Mwacheni huyo binti," alisema. "Mimi muziki wenu siujui, nasikia tu kama nyumba inabomolewa. Lakini hii mashine nilikaa nayo wiki nzima kabla ya kuitengeneza. Ilikuwa inaenda tano, halafu inakohoa. Huyu binti anapiga tano na anakohoa. Kila mara. Hajakosea hata mara moja tangu mmefika." Akamnyooshea Zefania kidole chenye grisi. "Anayekimbia ni wewe wa ngoma. Hawa wawili wanakufuata wewe, halafu mnamgeukia yeye."

Stanley alimtazama mzee, akamtazama Zefania, akicheka kidogo kwa kutoamini. "Mzee, Zefania hawezi..." Akanyamaza, kwa sababu Zefania alikuwa hajainua kichwa.

"Ni kweli," Zefania alisema.

"Kweli nini?"

"Ni mimi. Siwezi kupiga bila ile injini. Nilikuwa naifuata yenyewe, miaka yote. Na mimi ndiye niliyefanya iuzwe. Nilitaka kuja huku kwa sababu hiyo. Si mabati."

Calist alisema polepole jina la Bwana, kwa ile sauti iliyomo kwenye kitabu cha nyimbo.

Lea hakuwa na haraka. "Umejua lini?"

"Jumatano."

"Jumatano kabla sijaondoka, au baadaye?"

"Baadaye. Kabla yake nilikuwa nahisi."

"Na jana, ulipokuja barazani kwangu. Nilipokuuliza."

"Nilikuwa najua."

Lea aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepimiwa kitambaa akakubali kipimo. Machozi yalimlenga lakini hakuyaruhusu. Zefania alitamani apigwe. Alitamani Stanley amrushie gitaa, mzee amfukuze, chochote kile, lakini wote walikuwa wanamwangalia Lea, na Lea alikuwa anaangalia saa ya simu pale juu ya mizani. Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini.

"Geuza kigoda," alisema.

"Nini?"

"Geuka huku. Umetupa mgongo miaka kumi na miwili."

Zefania akageuka. Lea alisogea na besi yake mpaka karibu, akavua ndala, akaweka mguu wa kulia juu ya mbao ya chini ya kigoda. Ulikuwa mguu wa fundi cherehani, wenye sugu. Baraza lake lilitazamana na mashine ya Mama Theresia. Alikuwa ameshona sare za shule, magauni ya wasimamizi na mashati ya kwaya kwa mlio huohuo, na mguu wake ulikuwa umeumeza mlio wenyewe siku nyingi. Akakanyaga. Tano, na kikohozi. Tano, na kikohozi. Ile mbao ikapitisha mtikisiko, na Zefania akaisikia palepale alipokuwa akiisikia siku zote.

Roho ikamrudi. Aliinua vijiti.

Kilichofuata, Mzee Stefano anakieleza mpaka leo kwa yeyote anayeleta mahindi, ingawa hana maneno yake. Injini imezimwa, hakuna kitu cha kuwafunika, na wale vijana wanne walipiga kana kwamba ukuta ule ni wao na wameamua usibaki. Gitaa la Stanley lilikuwa msumeno. Calist alishuka kwenye sauti yake hadi mahali ambapo mama mmoja aliyekuwa anafika na ndoo ya mtama aliiweka chini na kushika kifua. Zefania hakuona chochote isipokuwa uso wa Lea, na uso wa Lea ulikuwa umefungwa kama duka siku ya msiba. Mguu wake haukukosea. Wimbo wa kwanza, wa pili. Wa tatu, ule ambao Lea aliutunga mama yake alipofariki, wenye sehemu ndefu katikati ambapo vyote vinanyamaza na kubaki besi peke yake, aliupiga bila kumtazama mtu. Zefania akangoja, akangoja, mguu ukakohoa, wote wakaingia pamoja.

Walipomaliza, yule mama wa mtama alisema, "Basi sasa nisagieni."

Stanley alikimbia na simu hadi kwenye kichuguu nyuma ya nyumba, mahali mzee alipomwambia mtandao unashika. Saa kumi na mbili kasoro dakika nane akapiga kelele kwamba imekwenda. Calist alimkumbatia Mzee Stefano akampaka jasho. Zefania alisimama kumfuata Lea.

"Lea."

Alikuwa anafunga zipu ya begi la besi. "Usiniombe msamaha hapa," alisema. "Hapa kila mtu ana furaha."

Kwenye pikapu alikaa mbele na dereva. Walipofika Mandewa alimpa Stanley besi, ilikuwa ya Stanley kwa asili, akasema asante kwa kumwazima, akaingia ndani na kufunga mlango.

Jibu lilikuja baada ya siku kumi na moja. Nairobi walikuwa wamekubali. Wangepiga Jumamosi ya mwisho wa mwezi, wote wanne, na waandaaji waliandika kwamba hawajawahi kuona mpiga dramu na mpiga besi wanaopumua pamoja namna ile. Stanley aliusoma ujumbe mashineni, juu ya mvumo wa mota. Alipofika hapo akaishusha simu.

Kila mtu alijaribu. Stanley alienda kuomba radhi, akaomba vizuri, kichwa chini, na Lea akamsamehe kweli, wakanywa chai. Akakataa kwenda. Calist alimpelekea jogoo, jogoo wa haja. Alimpokea jogoo na kukataa kwenda. Walimleta mpiga kinanda wa kwaya ajaribu besi, kijana mzuri, anahesabu vizuri sana, moja mbili tatu nne. Zefania akamwomba aweke mguu kwenye kigoda. Yule kijana aliweka, akakanyaga, na ilikuwa kama injini mpya ya Mzee Stefano. Walipoteana kabla wimbo haujafika nusu. Stanley hakumfokea mtu. Alikaa juu ya gunia akaangalia mikono yake.

Basi la Nairobi lilikuwa linaondoka Jumatatu alfajiri. Jumamosi mchana, Zefania alivuka njia, zile hatua ishirini, akapanda barazani. Lea alikuwa anashona gauni jeupe, la kipaimara. Hakuinua kichwa, hakumfukuza. Zefania akakaa kwenye sakafu, mgongo ukutani, karibu na mlango.

"Nimekuja kusema yale niliyopaswa kusema Jumatano ile," alisema. "Nilisikia akikufokea, nikajua moyoni si wewe, nikaangalia chini. Niliogopa nikisema ni mimi sitakuwa mtu tena. Nikaona bora uwe wewe."

Lea alikuwa anasikiliza, maana mkono wake uliacha kuvuta kitambaa. Mguu tu ndio uliendelea, kwa mazoea. Tano, na kikohozi. Ulishuka kwenye miguu ya chuma ya cherehani, ukaingia kwenye saruji, ukatambaa hadi pale alipokaa Zefania. Hakuamua kufanya alilolifanya. Vidole vyake vilianza vyenyewe kupiga juu ya magoti, polepole, wimbo wa tatu, na vilikuwa sawa, kila kimoja mahali pake. Uso ukamlegea kwa unafuu.

Lea aliona vile vidole. Akasimamisha mguu.

Mikono ya Zefania ikaendelea mapigo mawili, la tatu likajikwaa, ikatulia juu ya magoti kama mikono ya mtu mwingine.

"Kumbe hukuja kusema," alisema Lea. "Umekuja kuchukua."

"Lea, hapana. Naapa. Ni vidole tu."

"Siendi, Zefania. Na barazani kwangu usikae tena."

Alisogeza gauni chini ya sindano, akalinyoosha kwa kiganja, akaanza kukanyaga. Alikuwa ameukaza mguu, unaonekana mpaka kwenye paja, na ulienda sawasawa, pigo baada ya pigo, bila kukohoa hata mara moja. Zefania alingoja kidogo. Kisha akainuka, akavuka njia kurudi mashineni, ambako Mama Theresia alikuwa anamwita aje amwage alizeti.